Pumzi Inayotorokea Puani

Mwaka 1970 jarida moja la kitabibu la Marekani, linaloshughulikia watu waliozaliwa na kaakaa lililopasuka, lilichapisha taarifa fupi ya madaktari Weber na Chase kuhusu mpiga obo aliyekuwa akivujwa na hewa puani anapopuliza. Waliita hali hiyo udhaifu wa mkazo, maana kaakaa hushindwa pale tu linapobanwa na nguvu ya upulizaji. Taarifa hiyo ndiyo hutajwa kama mwanzo wa maradhi haya katika maandishi ya tiba, na msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba ni tatizo la karne ya ishirini. Mimi naona mwaka 1970 ni mwaka wa kuonekana tu. Fani yenyewe ya upulizaji ilikuwa imelificha tatizo hili kwa karne nyingi, bila mtu yeyote kukusudia.

Tuanze na mwili. Nyuma ya kaakaa gumu, pale kilimi kinaponing'inia, pana kaakaa laini, nyama yenye misuli inayoweza kuinuka na kugandamana na ukuta wa nyuma wa koo. Ikiinuka, njia ya puani hufungwa na hewa yote hutokea mdomoni. Tunapozungumza, kazi hiyo si nzito: shinikizo la hewa mdomoni halizidi sana lile linaloweza kuinua maji kwa sentimeta 5 au 8. Obo, yenye tundu jembamba sana katika mianzi yake miwili, hudai sentimeta 40 na huweza kukaribia 100. Tarumbeta katika sauti za juu kabisa huzidi hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kuzungumza maisha yake yote bila kasoro, kisha kaakaa lilelile likalegea baada ya saa moja ya mazoezi, hewa ikatoka puani kwa mkoromo, na sauti ya ala ikapwaya.

Wazee wa fani hii hawakuwa vipofu mbele ya shinikizo hilo. Michoro ya vyungu vya Wagiriki wa kale huonyesha wapiga aulos, ala yao ya mianzi miwili, wakiwa wamejifunga ukanda wa ngozi kupita mdomoni na kuzunguka kichwa, na hadithi zao zinasema mungu wao Athena aliitupa ala hiyo alipoona inavyomharibu uso kwa kumvimbisha mashavu. Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena aliyechapisha kitabu chake kuhusu maradhi ya wafanyakazi mwaka 1700, hakuwasahau waimbaji na wapulizaji. Aliwahofia ngiri na kupasuka kwa mishipa ya kifuani. Jean-Baptiste Arban, ambaye kitabu chake cha koneti cha mwaka 1864 bado kiko mezani kwa wanafunzi wa tarumbeta, alipima hata sehemu ya mdomo: thuluthi moja ya kipulizio ikae juu ya mdomo wa juu, thuluthi mbili mdomo wa chini. Mashavu, midomo, kifua, tumbo: kila kinachoonekana kwa macho au kushikika kwa mkono kilipata mtu wa kukichunguza. Wagiriki walifunga ukanda pale walipoona hewa ikisukuma.

Hapa ndipo ala yenyewe inapoingia kama shahidi. Mwaka 1855 Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyeishi London, alieleza jinsi alivyotumia kioo kidogo kutazama nyuzi za sauti kooni mwake mwenyewe zikifanya kazi. Uimbaji ulipata dirisha. Wapulizaji hawakuweza kufaidika nalo, kwa sababu kioo cha García huhitaji mdomo uliofunuka, na mpulizaji huwa ameziba mdomo wake kwa mwanzi au kwa chuma. Akiitoa ala ili daktari atazame, shinikizo linatoweka na kaakaa linaonekana zima kabisa. Kasoro iko pale tu ambapo haitazamiki. Ilibidi zije picha za eksirei za mwendo, na baadaye kamera nyembamba zinazopitishwa puani, ndipo mtu aweze kupuliza ala yake huku koo lake likiangaliwa kwa nyuma.

Kabla ya hapo aliyevujwa na hewa aliitwaje? Alikuwa mtu asiye na pumzi, au mvivu wa mazoezi, au asiyejaliwa. Aliacha ala na kushika kazi nyingine, na fani ikabaki na wale ambao makaakaa yao yalistahimili. Mpiga zumari wa mwambao wetu ni mfano mzuri. Zumari hupigwa bila sauti kukatika: mpigaji hujaza hewa mashavuni, huendelea kuisukuma nje kwa mashavu, na papo hapo hupokea pumzi mpya kwa pua. Ustadi huo wote umesimama juu ya kaakaa laini, ambalo lazima lifunge na kufungua njia ya pua kwa wakati sahihi, tena na tena, mpaka ngoma iishe. Mwenye kaakaa dhaifu hawezi hata kuvuka hatua za mwanzo, kwa hiyo hawi mpiga zumari mgonjwa. Hawi mpiga zumari kabisa. Ufundi wa namna hii unaweza kulizoeza kaakaa vizuri kuliko somo lolote la darasani, lakini pia ni chekeche, na makapi ya chekeche hayaandikwi katika historia.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza inasema tatizo limeletwa na tiba yenyewe. Mwaka 1868 Wilhelm Meyer wa Copenhagen alieleza nyama zinazoota nyuma ya pua za watoto na madhara yake, na baada yake kuziondoa kukawa upasuaji wa kawaida. Nyama hizo huziba sehemu ya nafasi ambayo kaakaa linapaswa kuifunga. Zikiondolewa, nafasi huongezeka, na wapo wapulizaji walioanza kuvuja baada ya upasuaji huo. Ni kweli, na daktari anayejua mgonjwa wake ni mpiga tarumbeta ana sababu ya kusita. Lakini wapo pia wanaovuja bila kuguswa na kisu, kwa uchovu tu. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: vyuo vya muziki vya kisasa huwafanyisha vijana mazoezi ya saa nyingi kila siku, kwa ala ngumu, chini ya mitihani. Nakubali kwamba hilo limeongeza wagonjwa. Ila misuli inayochoka leo ndiyo ileile iliyokuwa kwenye makoo ya wapiga aulos, na shinikizo la mianzi miwili halikubuniwa na chuo.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwauliza wanafunzi wa muziki wa ala za kupuliza kuhusu dalili hizi, na takriban thuluthi moja wakasema wamewahi kuziona. Wengi hushtuka kwa ukubwa wa idadi hiyo. Mimi naiona ndogo, kwa kuwa walioulizwa ni waliokuwa bado chuoni; walioacha ala mapema kwa kuambiwa hawana pumzi hawakuwepo kujibu.