Mji wa Chini ya Theluji: Nyundo Ilisema Kweli, Lakini Haikutosha

Wandugu, tukisikia 1960, sisi tunafikiri uhuru wetu. Mwaka ule ule, huko Greenland, masoda wa Marekani walimaliza kujenga kambi chini ya theluji: Camp Century. Miye naona historia yake inatugusa sisi watu wa masomo.

Unajengaje ndani ya theluji? Kwanza unapima. Kifaa ni rahisi: fimbo ya chuma yenye ncha, na nyundo ya uzito unaojulikana. Unaiangusha nyundo, unahesabu fimbo imezama sentimita ngapi. Kilitoka Uswisi, miaka ya 1930, juu ya kuchunguza maporomoko ya theluji milimani.

Vipimo vilileta habari nzuri. Theluji iliyosagwa na mashini inakuwa ngumu kisha siku chache, maana chembe zake zinashikamana. Njo maana walichimba mahandaki, wakayafunika na mabati ya upinde, wakamwaga theluji ile juu, ikakaa kama beto. Watu karibu 200 waliweza kuishi mule, na umeme ulitoka kwa reakta ya nyuklia.

Lakini theluji si jiwe. Ikibeba uzito muda mrefu inajongea polepole, na joto la mashini linaiharakisha. Wahandisi walilijua hilo: walipangia kambi miaka 10, tena kwa matengenezo. Hata hivyo, kufika 1962 dari la chumba cha reakta lilikuwa limeshuka karibu mita 1.5. Mwaka 1963 reakta ikazimwa. 1967 kambi ikaachwa.

Sasa, juu ya nini walijisumbua vile? Nyuma yake kulikuwa mpango wa siri, Iceworm: kuficha makombora 600 ndani ya mahandaki ya kilomita 4,000. Hata serikali ya Denmark, yenye kutawala Greenland, haikuambiwa. Mpango ukafa. Mafuta na takataka zikabaki mule, kwa kutumaini barafu itazifunika milele.

Nyundo haikudanganya. Ilijibu swali moja: leo inabeba kiasi gani? Swali la pili, kesho ukuta utakuwa wapi, linadai kupigilia vigingi ukutani na kurudi kuvipima, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Wandugu mnaojenga mabarabara na madaraja, mkipewa kipimo cha siku moja, ulizeni na kile cha miaka.