Nguo Itokayo Ndotoni

Kusini mwa Visiwa vya Ufilipino kiko kisiwa kikubwa kiitwacho Mindanao. Katika milima ya kisiwa hicho, kandokando ya Ziwa Sebu, wakaa watu waitwao Watboli. Hao tangu kale hawakuwa na desturi ya kuandika vitabu. Habari za wazee wao zilihifadhiwa katika nyimbo, katika vyombo vya shaba, na katika nguo moja iitwayo tinalaki. Atakaye kuijua historia yao hana budi ajifunze kwanza jinsi nguo hiyo inavyofumwa, maana ndani yake mna imani yao, sheria zao na mali yao.

Tinalaki haifumwi kwa pamba wala kwa sufu. Nyuzi zake hutoka katika mmea uitwao abaka, ulio ndugu wa mgomba wetu. Mtu akiuona kwa mbali aweza kudhani amefika penye shamba la ndizi. Walakini faida ya abaka haimo katika tunda bali katika shina. Ndio mmea ule ule uliotoa kamba mashuhuri za Manila, ambazo mabaharia wa karne ya 19 walizipenda sana kwa kuwa haziharibiwi upesi na maji ya chumvi. Basi mmea mmoja ulifanya kazi mbili: bandarini ulifunga merikebu, na milimani ulivika watu.

Kwa desturi wanaume ndio wakatao mashina na kuyaparuza hata nyuzi zitoke. Baada ya hapo kazi yote huwa ya wanawake. Nyuzi hazisokotwi, huungwa ncha kwa ncha kwa mafundo madogo mno. Kisha hutandazwa juu ya kiunzi, na mfumaji hufunga vifungu vidogo vidogo mahali asipotaka rangi ipenye. Hana karatasi iliyochorwa mbele yake. Picha yote imo kichwani. Rangi nyeusi hupatikana kwa kuchemsha nyuzi pamoja na majani ya mti uitwao kinalumu, kazi ya siku nyingi. Rangi nyekundu hutoka katika mizizi ya mmea uitwao loko. Nyeupe ni rangi ya abaka yenyewe, isiyotiwa kitu. Kwa njia hiyo sura ya nguo huwa imekwisha kutiwa katika mtande kabla ya mshindio wa kwanza kupita.

Mfumaji huketi chini, na mtande huvutwa kwa ukanda uliozunguka mgongo wake, hata mwili wake mwenyewe huwa sehemu ya kitanda cha kufumia. Hupenda kufuma wakati wa baridi ya asubuhi au jioni, kwa sababu jua likiwa kali nyuzi hukatika. Nguo ikiisha, husuguliwa kwa kauri, gome lile lijulikanalo sana katika pwani yetu, mpaka ing'ae. Tangu shina kukatwa hata nguo kung'aa hupita miezi kadhaa.

Je, picha hizo hutoka wapi? Watboli husema kwamba hutoka ndotoni. Humwamini Fu Dalu, pepo mlinzi wa abaka, kuwa ndiye awaoneshaye wafumaji sura za nguo walalapo. Ndoto ya bibi hurithiwa na binti, na binti humpa mjukuu. Katika nguo hizo tutaona chura, ngao, kipepeo, mamba na mawingu. Kwa kuwa nguo ni kitu kitakatifu, ina miiko yake. Haifai mtu kuiruka ikiwa ingali inafumwa. Mfumaji na mumewe hutengana kitandani muda wote wa kazi. Kuikata nguo ovyo husemekana kuleta ugonjwa. Na ikiuzwa, yapasa ifungiwe pete ya shaba ili pepo asikasirike. Nguo hiyo hutolewa katika mahari, na hufunikwa mama anayejifungua. Hapo zamani ilibadilishwa hata kwa farasi.

Kwa muda mrefu milima iliwalinda watu hawa. Wahispania walitawala Ufilipino hata mwaka wa 1898, lakini nguvu zao hazikufika barabara katika nyanda za juu za Mindanao. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1939. Serikali ya Ufilipino, iliyokuwa bado chini ya Marekani, ilianza kuwahamishia wakulima wa visiwa vya kaskazini katika bonde la Koronadal, wakiongozwa na Jenerali Paulino Santos. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1946 wageni walizidi kuja. Watboli wengi walipoteza ardhi yao ya bondeni wakasukumwa juu milimani. Mtu asiye na shamba huuza alicho nacho, na kitu cha thamani walichokuwa nacho kilikuwa ni nguo yao.

Hapo ndipo ulipozuka mgogoro ambao haujaisha. Wanunuzi wa mjini walitaka nguo ndefu zaidi, rangi nyingi zaidi na sura nyepesi za kufuma upesi. Nguo ambayo haikupasa kukatwa ovyo ikakatwa ikawa mifuko na viatu. Tuwalaumu wafumaji? Mtoto mwenye njaa hashibishwi na mwiko. Lakini pia, nguo ikifumwa kwa amri ya mnunuzi tu, ndoto ina kazi gani tena?

Mwanamke mmoja aliyejibu swali hilo kwa mikono yake ni Lang Dulay, aliyezaliwa mwaka wa 1928. Alifundishwa na mama yake akiwa na umri wa miaka 12, akajua sura zipatazo 100. Aliuza nguo zake kama wengine, lakini alishika sura za bibi yake, wala hakuzirahisisha kwa ajili ya soko. Kisha akawafundisha wasichana wa kwao kazi hiyo. Mwaka wa 1998 serikali ya nchi yake ilimpa heshima kuu wapewayo mafundi wa sanaa za jadi. Alifariki mwaka wa 2015, na mwaka wa 2023 heshima hiyo hiyo alipewa Mtboli mwingine, mfumaji Barbara Ofong.

Mkoa wa South Cotabato, ulioundwa mwaka wa 1966, hufanya kila Julai sikukuu iliyoitwa kwa jina la tinalaki. Ni jambo jema. Walakini sikukuu haioti abaka, na abaka haioti pasipo ardhi. Kuuza nguo peke yake hakukuua desturi ya Watboli, maana hata wazee waliibadilisha kwa farasi. Hatari iko mahali pawili: shamba linapokwisha, na binti asipoketi tena karibu na mama yake kujifunza kufunga nyuzi. Maadamu viwili hivyo vipo, ndoto ya bibi itapata mahali pa kukaa.