Askofu wa Zanzibar na Meza ya Kikuyu

Tangu miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ifukuliwe katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia mwaka 2023, kauli moja imekuwa ikirudiwa mimbarini na redioni: enzi za wamisionari mafundisho yalikuwa yamenyooka, na uzushi umeletwa na makanisa ya juzi, yenye wachungaji wasiopita chuo chochote. Kauli hiyo inatufariji sana sisi tuliolelewa katika makanisa ya kale. Historia haiikubali. Shitaka la uzushi lililovuma kuliko yote katika Afrika Mashariki liliandikwa na askofu wa Zanzibar, na walioshitakiwa walikuwa maaskofu wenzake wawili, wa Mombasa na wa Uganda. Wote watatu walikuwa Waanglikana, na wote walikuwa wasomi.

Habari za Ario, aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na za Mtaguso wa Nikea uliomhukumu mwaka 325 msomaji anazijua, sina haja ya kuzirudia. Anajua pia kwamba Uanglikana ulifika kwetu kwa milango miwili. Chama cha CMS (Church Missionary Society) kiliingia Mombasa na Uganda na desturi za Kiprotestanti. Misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) iliingia Zanzibar, Magila na Masasi na uvumba, maungamo na heshima kubwa kwa sakramenti. Hadi leo ukisali Jumapili moja Tanga na inayofuata Dodoma utaiona tofauti hiyo tangu padri anapotoka sakristia.

Juni 1913 wamisionari wa madhehebu kadhaa walikutana Kikuyu, kwenye kituo cha Kanisa la Scotland pale Thogoto. Walikuwepo Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Mwenyekiti alikuwa Askofu J. J. Willis wa Uganda. Walitunga mpango wa shirikisho: Maandiko yawe kipimo kikuu cha imani, Imani ya Mitume na ya Nikea zikubaliwe na wote, na Mkristo akihama eneo la misheni moja apokewe na nyingine bila kuanza upya. Siku ya mwisho Askofu W. G. Peel wa Mombasa aliadhimisha Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, kwa ibada ya Kitabu cha Sala cha Kianglikana. Mhubiri alikuwa mchungaji wa Kiskoti, Norman Maclean, na waliopiga magoti kupokea kwa mkono wa askofu ni watu ambao hawakuwahi kuwekewa mikono na askofu yeyote. Habari zikafika Uingereza, na baada ya muda mfupi zikafika Mkunazini, kwenye kanisa kuu la askofu wa Zanzibar.

Frank Weston alikuwa Zanzibar tangu 1898. Alifundisha Kiungani, alisikiliza maungamo kwa Kiswahili, akawekwa kuwa askofu mwaka 1908. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu, The One Christ, kuhusu jinsi Mwana wa Mungu alivyojiwekea mipaka ya ubinadamu kweli kweli. Huyu ndiye aliyemwandikia Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai kwamba Peel na Willis ama wakane mpango wa Kikuyu ama wahukumiwe kwa kueneza uzushi na kuleta farakano. Mpango ule, alisema, ulikuwa kimya juu ya kipaimara, juu ya ondoleo la dhambi, juu ya ubatizo wa watoto wachanga, na juu ya uaskofu wenyewe.

Wapo waandishi wengi wanaomweka Weston katika fungu la washupavu wa dini na kuendelea na safari. Nadhani hawakuisoma hadi mwisho barua yake ya wazi ya 1913, ile aliyomwandikia Askofu wa St Albans. Kikuyu ni sehemu moja tu ya malalamiko yake. Lililomkera mwanzo ni Foundations, kitabu cha wasomi wa Oxford kilichotoka 1912 chini ya uhariri wa B. H. Streeter, ambaye alipendekeza kwamba kutokea kwa Yesu baada ya kufa kunaweza kuelezwa bila mwili uliotoka kaburini. Pili, Askofu wa St Albans alikuwa amemzuia padri mmoja kufanya kazi katika dayosisi yake kwa sababu ya kuwaomba watakatifu. Weston akaunganisha mambo haya matatu na kuuliza: Kanisa linalomvumilia anayetia shaka ufufuo, likamwadhibu anayemwomba Bikira Maria, linasimamia nini hasa?

Swali hilo lilikuwa la haki, na kwa askofu wa pwani lilikuwa zito kuliko kwa askofu wa Kiingereza. Weston aliishi katikati ya Waislamu wanaojua wanachokiamini na wanaoweza kukieleza. Alijua kwamba mwalimu wake wa dini kijijini ataulizwa kama Yesu ni Mungu, na jibu la kuyumba halitamsaidia. Ajabu ni kwamba watu wa Kikuyu walitumia hoja hiyohiyo: Uislamu unaenea, kwa hiyo tuungane. Weston akasema unaenea, kwa hiyo tuwe na msimamo. Mimi namwelewa zaidi Weston, ingawa naona alikosea alipowahukumu watu wa Kikuyu na Streeter kwa neno moja. Kukana ufufuo ni kugusa imani yenyewe. Kumpa Mpresbiteri mkate wa Bwana ni suala la utaratibu wa Kanisa, na Mpresbiteri yule aliikiri Imani ya Nikea bila kupunguza kitu.

Jibu la Davidson halinifanyi nimheshimu. Alikataa kufungua kesi, akalipeleka jambo kwa baraza la ushauri lililokaa Julai 1914, vita vikaanza, na Pasaka ya 1915 akatoa tamko. Wasio Waanglikana wangeweza kupokelewa mezani kwa ruhusa ya askofu wa mahali, lakini ibada kama ile ya Kikuyu isirudiwe. Kama kuna uzushi au hakuna, tamko halikusema. Mwaka huohuo Weston alitangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford kwa kumpa Streeter ukanoni. Mwaka 1918 alifika mwenyewe Kikuyu kwenye mkutano wa pili, akaleta mpango wake wa umoja. Haukukubaliwa. Misheni zikaunda ushirikiano mlegevu, ule uliokuja kuzaa shule ya Alliance mwaka 1926.

Sura inayofuata ndiyo inayosahauliwa. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey, katika nchi ambayo leo ni Kenya, ilitoa waraka ukiwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na pale mashamba yalipokuwa karibu na vijiji, hata wanawake na watoto wahimizwe. Kila mtu aliyeishi chini ya chifu alijua kuhimizwa kulimaanisha nini. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Thogoto, walitoa hati ya pamoja. Waliona hatari katika waraka, lakini hawakuikataa kazi ya shuruti kwa msingi. Kama ni lazima, walisema, basi iwe ya kisheria na chini ya usimamizi wa serikali. Willis alikuwa mmoja wao. Peel alikwishafariki.

Weston akaikataa kabisa. Mwaka 1918 alikuwa amechapisha kijitabu kuhusu jinsi Wajerumani walivyowatendea Waafrika. Mwaka 1920 akatoa kingine, The Serfs of Great Britain, akiipima nchi yake kwa kipimo kilekile. Ukikisoma pamoja na The One Christ utaona ni mtu mmoja na imani moja. Kama Mungu alitwaa mwili, basi mwili wa mkulima wa Kikuyu si mali ya mlowezi. Wazo hilo alilirudia London mwaka 1923 mbele ya kongamano kubwa la Waanglikana wa mrengo wake: hamwezi kumwabudu Yesu altareni huku mnamdharau katika maskini.

Mwaka 1921 Winston Churchill, akiwa waziri wa makoloni, aliagiza serikali ya Kenya iache kuwatafutia walowezi vibarua kwa nguvu. Hakuna askofu aliyeshitakiwa kwa uzushi kwa sababu ya hati ile ya kazi ya shuruti. Hata Weston, aliyedai kesi kwa ajili ya meza ya Kikuyu, juu ya hati hii hakudai kesi.