Kipenga: Sauti Moja kwa Wachezaji Ishirini na Wawili

Juni 21, 1982, mjini Valladolid, Hispania, Ufaransa ilikuwa ikiiongoza Kuwait 3-1 katika Kombe la Dunia. Alain Giresse akapenya na mpira, mabeki wa Kuwait wakasimama, naye akafunga. Hawakuwa wamezembea. Walikuwa wamesikia kipenga, ila kilipulizwa jukwaani, si na mwamuzi Miroslav Stupar wa Umoja wa Kisovieti. Wakuwait wakagoma. Sheikh Fahad Al-Ahmed, rais wa shirikisho lao, akashuka hadi uwanjani, na Stupar akaishia kulifuta bao. Ufaransa ilipata jingine na kushinda 4-1.

Wengi humkumbuka sheikh. Mimi nawafikiria zaidi wale mabeki, waliotii sauti hata bila kugeuka kuona imetoka wapi. Utii wa namna hiyo ulichukua miaka mingi kujengeka. Leo sheria iko wazi: mtazamaji akipuliza kipenga na kuvuruga mchezo, mwamuzi husimamisha mpira na kuuanzisha upya kwa kuudondosha.

Kandanda ya Uingereza ya karne ya 19 haikuzaliwa na kipenga. Kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na hao walipunga leso kuonyesha makosa, tena baada ya wachezaji kudai. Wakishindwa kuafikiana, walimgeukia mtu wa tatu aliyekaa nje ya mstari. Mwaka 1891 huyo wa tatu akaingizwa uwanjani na kukabidhiwa mamlaka, wenzake wakapelekwa pembeni kushika vibendera. Hapo ndipo leso ilipokosa kazi. Anayekimbilia goli haoni kitambaa kinachopungwa mgongoni mwake, lakini sauti humfikia.

Chombo chenyewe kilikwishapatikana. Joseph Hudson, fundi wa Birmingham, alitengeneza kipenga cha polisi wa London mwaka 1883, wakaachana na vyombo vya mbao walivyokuwa wakivizungusha vipige kelele. Mwaka uliofuata akatoa Acme Thunderer, chenye punje ndani, iliyochongwa kwa gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Ukipuliza, punje inazunguka na kuikatakata hewa, na sauti inatetemeka. Mtetemo huo ndio unaopenya makelele ya mashabiki.

Punje hiyo hiyo ndiyo ilikuwa udhaifu wake. Hulowa mate, huganda kwenye baridi, na mtu akipuliza kwa nguvu nyingi hukwama, yaani humtupa mkono mwamuzi pale anapoihitaji zaidi. Ron Foxcroft wa Hamilton, Kanada, aliyechezesha fainali ya mpira wa kikapu ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, aliyajua mateso hayo. Akashirikiana na mbunifu Chuck Shepherd, na mwaka 1987 wakaja na Fox 40, kipenga kisicho na punje. Kina vyumba vitatu vya hewa vyenye sauti zinazotofautiana kidogo, na zikigongana mtetemo unatokea wenyewe. Hakuna cha kukwama. Kwangu, hayo ni mageuzi makubwa kuliko kadi za rangi.

Lakini kipenga kizuri hakimfanyi mtu mwamuzi. Mpira ukitoka waziwazi nje, hakuna haja ya kupuliza; kwa penalti au baada ya kadi, ni lazima. Faulo ndogo hupewa mlio mfupi, rafu mbaya mlio mrefu na mkali. Anayepuliza kila dakika huwazoesha wachezaji kutomsikiliza. Wakati nao una uzito wake: Januari 12, 2022, mjini Limbe, Kameruni, Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akairejesha, kisha akaimaliza tena sekunde chache kabla ya 90. Alichekwa Afrika nzima. Baadaye alieleza kuwa joto lilikuwa limemzidi, na naona alistahili huruma kuliko kejeli.

Kwa wanaochezesha mabonanza yetu, ambako viwanja viwili hupakana na mechi huanza kwa pamoja, ushauri wangu ni huu: mmoja achukue kipenga cha punje, mwenzake kisicho na punje, na kila mmoja awe na cha akiba mfukoni. Wasikilizishane kabla ya mechi ya kwanza, manahodha wakiwepo, ili mchezaji wa uwanja huu asije akasimama kwa kipenga cha uwanja ule.