Udugu wa Ithaca

Masomo yalipofunguliwa mwaka 1905 katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, Marekani, wanafunzi sita weusi hawakurejea. Waliosalia wakaanza kukutana na kudurusu pamoja. Vyama vya udugu vya wazungu viliwafungia milango, ijapokuwa baadhi yao waliandaa meza katika nyumba za vyama hivyo hivyo.

Wakavutana: wengine walitaka jumuiya ya fasihi tu, wengine udugu wa kiapo. Nami, mtunga mashairi, ningeliunga mkono fasihi, na ningelikosea; aliyekaribia kukata tamaa humhitaji nduguye kabla ya diwani. Tarehe 4 Disemba 1906, saba wakaasisi Alpha Phi Alpha. Miongoni mwa waliojiunga baadaye ni mwanasheria Thurgood Marshall, aliyewasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya kuandika rasimu ya haki za raia, London, 1960.