Chomoa umeme, itajitengeneza: Historia ya Rocks

Novemba 2003, katika maonyesho ya kila mwaka ya kompyuta kuu yaliyofanyika Phoenix, Arizona, kikundi cha wahandisi kutoka San Diego kilipanga seva 128 za kampuni ya Sun mbele ya wapita njia na kuanza kuzipakia programu yao iitwayo Rocks. Haikutimia saa mbili, seva zote zikawa zinapiga hesabu kwa pamoja kama mashine moja. Waliiita Rockstar. Katika orodha ya kompyuta 500 zenye kasi kuliko zote duniani iliyotoka mwezi huohuo, ilishika nafasi ya 201.

Waliosimama pale wakiwa wamewahi kuunda klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja, kwa mikono yao walijua maana ya saa mbili. Kazi hiyo ilizoeleka kuchukua wiki.

Klasta za bei nafuu zilianzia katika kituo cha Goddard cha NASA, jimboni Maryland, mwaka 1994. Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, zenye prosesa za Intel 486, kwa nyaya za mtandao za ofisini, wakaziwekea Linux isiyolipiwa. Mashine yao, Beowulf, haikukaribia kompyuta kuu za kampuni ya Cray kwa nguvu, lakini bei yake iliwezwa na idara ya chuo kikuu isiyo na mfadhili mkubwa. Vyuo vikaiga.

Kilichochelewa kuonekana ni mzigo wa kuzitunza. Msimamizi anasahihisha kasoro kwenye kompyuta zote, kumbe nne zilikuwa zimezimwa siku hiyo. Mwezi unaofuata anabadilisha diski iliyokufa na kuweka toleo jipya kidogo la programu. Mwaka haujaisha, hakuna kompyuta mbili zinazofanana, na hesabu inayokubali kwenye moja inagoma kwenye jirani yake. Mara nyingi msimamizi huyo alikuwa mwanafunzi wa fizikia au kemia aliyebebeshwa kazi kwa sababu tu anaijua Linux. Akihitimu, anaondoka na siri zote kichwani.

Dawa mbili zilikuwepo. Mark Burgess wa Oslo alikuwa ameandika cfengine mwaka 1993, programu inayoikagua kila kompyuta na kunyoosha kilichopinda. Wengine walitengeneza kompyuta moja ya mfano hadi ikawaridhisha, kisha wakanakili diski yake kwenye nyingine zote.

Philip Papadopoulos, Mason Katz na Greg Bruno, wa kituo cha kompyuta kuu cha San Diego, hawakuridhika na yoyote kati ya hizo. Ukaguzi, walisema, hurekebisha kile tu ulichokumbuka kukikagua. Nakala ya diski nayo inaifuata mashine iliyoizaa: nunua seva mpya zenye kadi tofauti, na utahitaji nakala nyingine. Programu yao, Rocks, iliyotolewa Novemba 2000, ilihifadhi maelezo badala ya nakala. Faili fupi zilieleza kila aina ya kompyuta inapaswa kuwa na nini, hifadhidata moja ikatunza orodha ya mashine zote, na kazi ya kutambua vifaa ikaachiwa programu ya kawaida ya usakinishaji ya Red Hat, ambayo tayari ilikuwa hodari kwa hilo.

Ukiitilia shaka nodi, yaani kompyuta moja ya klasta, huichunguzi. Unaifuta na kuisakinisha upya, kazi ya dakika tano hadi kumi. Faili za watafiti ziko salama kwenye kompyuta kiongozi, ile inayosimamia nyingine zote, kwa hiyo kilichofutwa ni kile tu kinachoweza kuandikwa tena.

Wahandisi hao walilipeleka wazo hilo mbali kuliko wengi wangethubutu. Nodi ya Rocks ikizimika ghafla, kwa umeme kukatika au kwa mtu kuchomoa waya, haikujaribu kuendelea ilipoishia. Ikiwaka tena ilijisakinisha yenyewe tangu mwanzo. Kuchomoa waya, kitendo ambacho kila mtu wa kompyuta amefundishwa kukiogopa, kukawa njia halali ya matengenezo. Kuongeza mashine mpya nako kulikuwa kwepesi: unaiambia kompyuta kiongozi itege sikio mtandaoni, unawasha seva moja baada ya nyingine kuanzia chini ya kabati, na kila inayopiga hodi inapewa jina kwa mpangilio wa ilipokaa, compute-0-0, compute-0-1, na kuendelea.

Miaka kadhaa baadaye mabadiliko haya ya fikra yalipata msemo uliotokana na Bill Baker wa Microsoft na kuenezwa na Randy Bias: zamani seva ilitunzwa kama paka wa nyumbani mwenye jina, sasa ni ng'ombe wa kundi, akiugua unaleta mwingine. Ni wazi waliousema hawajawahi kuketi na mfugaji wa Kimaasai, anayemjua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, rangi na ukoo. Hata hivyo maana yao inaeleweka, na Rocks ilikuwa ikiishi hivyo kabla ya msemo wenyewe.

Usanifu wa kwanza ulikuwa na udhaifu wake. Wanabiolojia walitaka programu zao, wengine walitaka mfumo fulani wa kupanga foleni ya kazi, na yote yalilazimika kupitia kwa watu walewale wachache wa San Diego na kuingia kwenye diski moja ya usakinishaji. Hapo ndipo Rocks iliposukwa upya. Mfumo ulikatwa vipande vilivyoitwa Roll, na kikundi chochote kiliweza kutengeneza chake. Msimamizi alichagua anavyovitaka wakati wa usakinishaji, na maelezo yake yakajiunga na yale ya msingi bila waundaji wa Rocks kuombwa ruhusa. Baadaye ikatatuliwa kero nyingine: mamia ya nodi zikijisakinisha kwa pamoja huilemea kompyuta kiongozi, basi zikafundishwa kugawana vifurushi zenyewe kwa zenyewe, kwa mbinu kama ya BitTorrent.

Kilele, kwa maoni yangu, kilikuwa Ranger, iliyoanza kazi Austin, Texas, mwaka 2008 ikiwa na nodi 3,936 zilizosimamiwa kwa Rocks. Programu iliyobuniwa kuwaokoa wanafunzi wa fizikia ilikuwa sasa inabeba mojawapo ya kompyuta kubwa kabisa za sayansi. Ranger ilistaafishwa mwaka 2013, na baadhi ya makabati yake yakasafirishwa kwa meli kuja Afrika kutumika upya, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizotajwa kuyapokea.

Rocks haikuangushwa na usanifu wake. Toleo la 7 lilitoka Desemba 2017 likiwa limejengwa juu ya CentOS 7, mfumo wa Linux usiolipiwa uliotokana na ule wa Red Hat. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2020, Red Hat ilitangaza kwamba CentOS ya kawaida inafika mwisho, na CentOS 7 yenyewe ikaacha kupata marekebisho Juni 30, 2024. Kwa programu iliyotunzwa na watu wachache, kuhamia msingi mwingine hakukuwa kazi rahisi.

Miongoni mwa waliojitokeza kuliziba pengo la CentOS alikuwa Greg Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wake, aliyeanzisha Rocky Linux. Jina linafanana na Rocks kwa bahati tu. Kurtzer huyohuyo alikuwa ameanzisha Warewulf mwaka 2001, mpinzani wa Rocks aliyekwenda hatua moja zaidi: nodi haihitaji diski kabisa, inavuta mfumo wake mtandaoni na kuuweka kwenye kumbukumbu, na ukiizima hakibaki kitu. Toleo lake la nne liliandikwa upya kwa lugha ya Go, na mfumo wa nodi sasa unaandaliwa kama kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji.

Kontena ndizo pia zilizoipa nguvu Kubernetes, mfumo wa kuzisimamia uliotangazwa na Google mwaka 2014 baada ya uzoefu wa miaka mingi na mfumo wao wa ndani, Borg. Humo mtumiaji anaandika hali anayoitaka na mfumo unahangaika kuifikia. Akina Papadopoulos wangeitambua hoja hiyo mara moja. Lakini Kubernetes ilizaliwa kwa huduma zisizolala, ambapo nakala moja ikifa nyingine inashika zamu. Hesabu ya hali ya hewa inayohitaji nodi 200 zianze pamoja na zimalize pamoja ina tabia nyingine, na ndiyo maana vyumba vingi vya kompyuta vyuoni bado vinapanga foleni ya kazi kwa programu ya Slurm, huku nodi zikiwashwa na Warewulf au ndugu zake.