Dohani na Meza: Nyumba ya Matofali ya Mkulima wa Kiingereza

Mwaka 1577 kasisi William Harrison wa Radwinter, kijiji cha Essex, aliandika kwamba wazee wa kijijini kwake walistaajabia mambo matatu yaliyobadilika katika uhai wao. Mojawapo lilikuwa wingi wa dohani.

Kabla ya hapo, kiini cha nyumba ya mkulima kilikuwa ukumbi wa mbao na udongo, ulio wazi hadi paani. Moto uliwaka katikati ya sakafu, na moshi ukajitafutia njia juu. Bwana, mkewe, watoto na watumishi waliota moto huo mmoja.

Tofali ndilo lililougawa ukumbi huo. Mbao huungua, bali udongo uliochomwa tanurini hustahimili moto. Dohani ya matofali iliposimamishwa, moshi ulipata njia yake, na nafasi uliyoitawala ikawekewa sakafu ya juu. Vyumba vya kulala vikapatikana ghorofani, sebule ikapatikana chini. Mwanahistoria W. G. Hoskins, katika makala yake ya 1953, aliyaona mabadiliko ya aina hii, kati ya 1570 na 1640, kuwa ujenzi mpya wa Uingereza ya vijijini.

Kilichokuwa hitaji la mekoni kikageuka fahari ya ukutani. Wako waliojenga matofali upande wa mbele tu, wakaziacha mbao kuukuu nyuma. Hata kodi ya 1784, iliyotoza shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali 1,000, haikuizima fahari hiyo. Baadhi ya wafyatuaji walitengeneza matofali makubwa zaidi ili idadi ipungue. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1850.

Mwaka 1825 William Cobbett alihudhuria mnada katika nyumba ya shamba karibu na Reigate, Surrey. Aliiona meza ndefu ya mwaloni, ambayo zamani mkulima na vibarua wake walilia pamoja; akaiona pia sebule yenye zulia na kamba ya kengele. Akahuzunika. Miaka 5 baadaye, vibarua wa kusini walivunja mashine za kupuria na kuchoma marundo ya nafaka.

Ujira mdogo na ukosefu wa kazi vilichangia zaidi ghasia hizo kuliko ukuta wowote. Hata hivyo, waliokuwa wakiota moto mmoja walikuwa wamekwisha kutenganishwa. Anayeusifu wekundu wa nyumba hizo hana budi kuuliza pia ni nani aliyeondolewa mezani.